Namna ya kuisoma nyumba ya kale ya matofali katika kijiji cha Uingereza: mwongozo kamili

Unapoitazama nyumba ya kale ya matofali katika kijiji cha Uingereza, macho hukimbilia mlango na madirisha. Hivyo ndivyo vilivyobadilishwa mara nyingi kuliko vyote. Mwenye nyumba wa karne ya 18 alipopata fedha alijenga uso mpya upande wa barabarani, akauacha ubavu na mgongo kama alivyovikuta, maana wageni na majirani walipita mbele. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dohani na ukuta wenyewe, kisha unakuzungusha pembeni. Madirisha tutayaacha hadi baadaye.

Mfano nitakaourudia ni nyumba ya kijiji cha Chawton, Hampshire, alikoishi mwandishi Jane Austen kuanzia 1809 hadi 1817, mwaka aliofariki. Ni nyumba ya matofali mekundu yenye paa la vigae, ya karne ya 17, na kabla ya kuwa makazi ya familia hiyo iliwahi kuwa baa ya kando ya barabara. Imekuwa makumbusho tangu 1949, hivyo unaweza kuizunguka na kuingia ndani bila kumsumbua mtu. Tena ukuta wake una jambo moja linalowapotosha wageni wengi. Tutalifikia.

Chukua futikamba, daftari, simu yenye kamera nzuri na, ukiweza, darubini ndogo ya kutazamia dohani na kilele cha paa. Nenda asubuhi au alasiri siku ya jua, wakati mwanga unaupiga ukuta kwa ubavu, kwa sababu hapo kila bonde, kila kiraka na kila mstari wa zamani hujitokeza. Nyumba nyingi za aina hii ni makazi ya watu. Baki barabarani, na ukitaka kupima ukuta, bisha hodi, jitambulishe, eleza unachotafuta. Wenye nyumba hizi kwa kawaida wanazipenda, na wengine watakuonyesha hata yale usiyoyauliza.

Hatua ya 1: Simama mbali, tazama dohani

Mwaka 1577 padri William Harrison wa kijiji cha Radwinter, Essex, aliandika kwamba wazee wa kijiji chake walistaajabu kuona dohani nyingi zilizochipuka katika maisha yao. Wazee hao walikuwa na haki ya kushangaa. Kabla ya hapo nyumba ya mkulima wa kawaida ilikuwa na ukumbi wenye moto katikati ya sakafu, na moshi ulijitafutia njia kupitia paa. Tofali ndilo lililoubadilisha mpangilio huo: moto ukapata mahali pake ukutani, moshi ukapata njia yake, na juu ya ukumbi kukawezekana kujengwa ghorofa. Ukibahatika kupanda darini na kukuta mbao za zamani zimeshika masizi meusi, huenda umeikuta nyumba iliyokuwepo kabla ya dohani yake.

Angalia dohani imekaa wapi ukilinganisha na mlango. Dohani moja nene katikati ya paa, mlango ukiwa chini yake moja kwa moja, ni mpangilio uliopendwa sana katika karne ya 17. Ukifungua mlango unaingia kwenye kijiukumbi kidogo na kukutana na ubavu wa dohani, chumba kimoja kulia na kingine kushoto, na meko mbili zimepeana mgongo. Dohani mbili, moja kila ncha ya nyumba, na mlango katikati wenye madirisha sawa pande zote, huo ni mtindo wa karne ya 18. Na uso ukiwa na ulinganifu kamili huku dohani ikiwa imesogea upande mmoja, andika hilo daftarini mara moja. Inaelekea nyuma ya uso huo kuna nyumba kongwe zaidi.

Kama una nafasi ya kwenda Norfolk, kaitazame nyumba ya kifahari ya East Barsham, iliyojengwa wakati wa Mfalme Henry VIII. Ina kundi la dohani kumi za matofali, kila moja imenakshiwa kwa namna yake. Wakati ule dohani ilikuwa tangazo la mali.

Hatua ya 2: Soma jinsi matofali yalivyolazwa

Hapa usikimbie. Tofali lina uso mrefu, tuuite ubavu, na uso mfupi, tuuite kichwa. Ukuta wa zamani haukuwa na uwazi ndani. Ulikuwa mzito, unene wa tofali zima au zaidi, na ili tabaka la nje na la ndani vishikane, fundi alilaza baadhi ya matofali kukata ukuta, vichwa vikabaki vinaonekana nje. Utaratibu wa vichwa na mbavu ndio unaokupa dokezo la umri.

Kozi nzima (yaani safu moja ya matofali) ya mbavu, juu yake kozi nzima ya vichwa, kisha mbavu tena: huo ni mpangilio wa Kiingereza, uliotawala mpaka katikati ya karne ya 17. Ubavu, kichwa, ubavu, kichwa ndani ya kozi ileile: huo ni mpangilio wa Kiflemi. Mfano wake wa mapema na mzuri kabisa uko Kew, London, katika nyumba aliyojenga mfanyabiashara Samuel Fortrey mwaka 1631, ambayo leo inaitwa Kew Palace. Kufikia karne ya 18 mpangilio wa Kiflemi ulikuwa ndio mtindo, nao uliendelea kwa muda mrefu baada ya hapo.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita: linganisha mbele na nyuma. Ni kawaida kukuta mpangilio wa Kiflemi uliopangwa kwa uangalifu upande wa barabara, na nyuma kazi ya haraka yenye kozi tatu au tano za mbavu kwa kozi moja ya vichwa. Hiyo bado inaweza kuwa nyumba ya mwaka mmoja, ila fedha za matofali bora zilitumika mbele.

Ukikuta ukuta mzima ni mbavu tupu, hakuna kichwa hata kimoja, uwezekano ni wa aina mbili. Wa kwanza, ni ukuta wa karne ya 20 wenye uwazi katikati. Wa pili, ni ngozi nyembamba ya tofali iliyovikwa juu ya kiunzi cha mbao. Hatua ya 6 itakusaidia kuamua.

Hatua ya 3: Pima kozi nne

Usipime tofali moja. Matofali ya mkono hayalingani, na moja litakudanganya. Weka futikamba wima na upime kozi nne pamoja na viungo vyake, mahali patatu tofauti.

Mwaka 1571, chini ya Malkia Elizabeth I, hati iliyotolewa kwa chama cha mafundi vigae na waashi wa London iliweka kipimo cha inchi 9 kwa 4.5 kwa 2.25, yaani karibu sentimita 23 kwa 11.5 kwa 5.7. Tofali la enzi hizo mara nyingi ni jembamba hata kuliko kipimo hicho, na viungo vyake ni vinene, kwa hiyo kozi nne mara nyingi zinakaribia sentimita 25 au 26. Za karne ya 18 zinasogea kwenye 28 au 29. Tofali la kisasa ni milimita 215 kwa 102.5 kwa 65, na kozi zake nne zinatoa sentimita 30 kamili. Ukipata 30 kamili kila unapopima, na kingo zimenyooka, huo ni ukuta wa juzi au kiraka cha juzi.

Kuna hadithi ya kodi hapa. Mwaka 1784, wakati wa Mfalme George III, serikali ilianza kutoza kodi ya matofali ili kulipia gharama za vita vilivyopiganwa Marekani: shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali elfu. Kodi ilihesabu matofali bila kujali ukubwa, na baadhi ya watengenezaji wakaona mwanya. Katika kijiji cha Measham, Leicestershire, Joseph Wilkes alifyatua matofali makubwa kupita kiasi, na nyumba zilizojengwa nayo zipo hadi leo. Mwaka 1803 sheria ikatoza maradufu tofali lolote lenye ujazo unaozidi inchi za ujazo 150, na mwaka 1850 kodi yote ikafutwa. Tofali kubwa mno ni ushahidi mzuri wa kipindi hicho. Tofali la kawaida halikanushi lolote, maana wengi walilipa kodi wakaendelea na kalibu zao zilezile.

Hatua ya 4: Tazama rangi, ufikirie tanuri

Kabla ya mifereji ya mashua na reli, tofali halikusafiri mbali. Udongo ulichimbwa karibu, wakati mwingine kwenye shamba lilelile inapojengwa nyumba. Udongo wenye chuma hutoa nyekundu, ule wenye chokaa nyingi hutoa rangi ya krimu au manjano, kama unavyoona Cambridgeshire na sehemu za Suffolk. Huko Suffolk ndiko iliko Little Wenham Hall, ya miaka ya 1270 na 1280, mojawapo ya nyumba za mwanzo kabisa za matofali zilizobaki nchini humo.

Aliyewahi kuona mafundi wa Iringa au Mbeya wakichoma matofali anaijua kazi hii tayari. Kijiji cha Uingereza kilifanya vivyo hivyo: matofali mabichi yalipangwa yakawa tanuri lenyewe, njia za moto zikaachwa chini, kuni zikawashwa, na nje kukakandikwa udongo. Yaliyokaa mbali na moto yalitoka laini na mepesi, ya katikati yakawa mazuri, na yaliyolambwa na moto yakageuka kijivu chenye buluu, mengine yakang'aa kama yamepakwa kioo. Fundi wa Kiingereza hakuyatupa. Alivigeuza vichwa hivyo vyeusi nje, akachora navyo almasi kubwa juu ya ukuta mwekundu katika enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor, hasa karne ya 16, au akavipanga kimoja kimoja kati ya mbavu nyekundu katika karne ya 18. Sogea karibu na ukuta wa namna hiyo: kichwa kimoja kina mng'ao wa kijani iliyofifia, jirani yake ana alama ya kidole cha aliyelibeba tofali likiwa bichi, wa tatu amepinda kidogo kwa joto. Mimi huweza kukaa hapo muda mrefu kuliko mbele ya mlango wowote wenye nguzo.

Rangi ikiwa moja tupu, uso laini, kingo kali, hayo ni matofali ya mashine, ya nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye.

Hatua ya 5: Chunguza chokaa kwenye viungo

Kinachoyashika matofali ya zamani ni chokaa na mchanga. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824 na Joseph Aspdin wa Leeds, na ilichukua miongo mingi kufika kwenye nyumba za vijijini. Chokaa ya asili ina rangi ya maziwa au mchanga, na ndani yake utaona vidonge vyeupe vya chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri, pengine na chembe za mkaa kutoka kwenye tanuri. Ni laini kidogo ukiigusa. Saruji ni ya kijivu, ngumu, na mara nyingi imepakwa hadi ikafunika kingo za matofali.

Tofauti hii ndiyo inayoamua uhai wa nyumba. Mvua ya Uingereza huingia ukutani msimu mzima, na ukuta wa chokaa huiruhusu itoke tena kupitia viungo. Ukiviziba viungo kwa saruji, unyevu hubaki na njia moja tu, kupitia tofali lenyewe. Barafu ya Januari inapofika, maji yaliyo chini ya uso wa tofali huganda na kutanuka, na uso unabanduka. Ndipo unapoona ukuta ambao viungo vimebaki vimetokeza kama wavu na matofali yameliwa kurudi ndani. Kosa hili linajulikana pia Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kuta za mawe na chokaa zilizopakwa saruji huanza kutoa unyevu ndani na kubandua lipu.

Viungo venyewe vina umri. Vinene, hadi sentimita 2, ni dalili ya karne ya 16 au 17. Vyembamba na vilivyonyooka ni vya karne ya 18. Juu ya madirisha ya nyumba nzuri za wakati huo utaona tao la matofali laini yaliyokatwa kwa msumeno na kusuguliwa mpaka yakaingiana, viungo vyake ni milimita moja au mbili. Ukitaka kujua mwenye nyumba alikuwa na fedha kiasi gani, tazama hapo.

Hatua ya 6: Zunguka pembeni

Huu ndio moyo wa kazi yote. Tazama kona. Kama ukuta wa mbele ni tofali na wa pembeni ni kiunzi cha mbao, lipu au jiwe, uso ulivikwa baadaye. Hata pembeni pakiwa na tofali, angalia kama kozi za mbele na za pembeni zinakutana kwenye kona kwa kiwango kimoja na kuumana. Zisipoumana, kuta hizo hazikujengwa pamoja.

Tafuta mstari wima katikati ya ukuta ambapo matofali ya pande mbili hayaingiliani. Hapo nyumba ilikuwa inaishia, kisha ikaongezwa. Tazama ukuta wa pembeni unaopanda hadi kileleni mwa paa: ukiona ndani yake mstari wa mteremko, juu yake tofali la rangi nyingine, paa liliwahi kuinuliwa, mara nyingi ili kupata ghorofa iliyonyooka. Mashariki, hasa Norfolk na Lincolnshire, kingo za ukuta huo zinaweza kuwa na matofali yaliyolazwa kwa mshazari katika pembe tatu pembe tatu, ufundi wa karne ya 17 na 18 uliokwenda sambamba na biashara na Uholanzi.

Kusini mashariki, hasa mji wa Lewes na vijiji vya Sussex na Kent, jihadhari na vigae vinavyoiga tofali. Vilitundikwa juu ya mbao na kujazwa chokaa kwenye viungo, na kutoka barabarani hutavitofautisha. Vitajitaja kwenye kona, ambako mara nyingi kuna ubao wima badala ya matofali yanayogeuka, na kwenye madirisha, ambako ukuta unaonekana hauna kina.

Hatua ya 7: Sasa madirisha

Kodi ya madirisha ilitozwa kuanzia 1696 hadi 1851, na kila mgeni akiona dirisha lililozibwa husema ni kodi. Rudi Chawton. Sebule kubwa ilikuwa na dirisha la kutazama barabara kuu, na magari ya farasi ya abiria yalipita karibu sana. Kabla ya akina Austen kuhamia mwaka 1809, Edward, kaka yake Jane aliyekuwa mmiliki, aliamuru dirisha hilo lizibwe na lingine lifunguliwe ubavuni, upande wa bustani, ili mama na dada zake wakae bila kutazamwa. Hapakuwa na kodi hapo, palikuwa na staha. Kwa hiyo kila dirisha lililozibwa jiulize mambo mawili: ndani kuna nini nyuma yake, na je, linalingana na mengine kiasi kwamba huenda halikuwahi kuwa dirisha bali lilijengwa kipofu ili uso uwe na ulinganifu?

Madirisha ya bawaba yenye vioo vidogo vilivyoshikwa kwa vijiti vya madini ya risasi ni ya zamani zaidi. Yale ya kupandisha na kushusha kwa kamba na vyuma vya uzito yalianza kuenea mwishoni mwa karne ya 17. Vijiti vinavyogawa vioo vikiwa vinene, ni ya mwanzoni mwa karne ya 18. Vikiwa vyembamba sana, ni ya mwishoni mwake au mwanzoni mwa ya 19. Kodi ya kioo ilipofutwa mwaka 1845, vipande vikubwa vya kioo vikawa nafuu. Sheria ya London ya 1709 ilitaka fremu zirudishwe ndani inchi 4 kwa kuhofia moto, lakini haikuhusu vijijini, na fundi wa kijijini aliweza kuendelea na fremu zilizo sawa na uso wa ukuta kwa miongo.

Hatua ya 8: Paa

Haraka tu: mteremko mkali sana wenye vigae leo huenda ulibeba nyasi au matete zamani. Vigae vya mawe ya kijivu kutoka Wales vilienea kwa mifereji na reli, hivyo juu ya nyumba ya karne ya 17 karibu kila mara ni badiliko.

Hatua ya 9: Linganisha na karatasi

Jiwe lenye mwaka ukutani usiliamini peke yake. Linaweza kuwa mwaka wa ndoa au wa kuvikwa uso mpya. Herufi tatu zilizopangwa pembe tatu ni kawaida ya jina la ukoo juu na majina ya mume na mke chini.

Anza na orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, iliyo mtandaoni bila malipo chini ya Historic England, shirika la umma la kulinda urithi. Kila jengo lina maelezo na daraja. Daraja la I, la juu kabisa, ni takriban asilimia 2.5 tu, na nyumba ya Chawton imo humo. Kisha tafuta ramani za zaka zilizochorwa baada ya sheria ya 1836, ambazo, pale zilipobaki, zinaonyesha nyumba, na madaftari yake hutaja mmiliki na mkaaji. Kwa karne ya 17, kodi ya meko ya 1662 hadi 1689 ilitoza shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko, na kumbukumbu zake hutaja mwenye nyumba na idadi ya meko zake. Ukiwa umehesabu meko za nyumba hiyo, hapo ndipo hesabu yako inapokutana na jina la mtu. Kumbukumbu hizi ziko katika hifadhi ya taifa ya nyaraka, Kew, na katika hifadhi za kaunti. Za Hampshire ziko Winchester.

Hatua ya 10: Kama nyumba ni yako, au unataka kuinunua

Jengo lililo kwenye orodha halibadilishwi bila kibali cha halmashauri, nje wala ndani, na kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai. Muulize afisa wa uhifadhi wa halmashauri kabla ya kumwita fundi. Chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 hutoa ushauri pia, na msimamo wake ni kutengeneza palipoharibika na kuacha pazima.

Kataa kupuliziwa mchanga ili kusafisha ukuta. Huondoa ngozi ngumu iliyotokana na moto wa tanuri na kuliacha tofali linakunywa maji. Kataa pia rangi za plastiki na dawa za kuzuia maji zinazopakwa juu ya ukuta wa chokaa. Unyevu ukionekana ndani, kagua kwanza mifereji ya paa, na udongo uliorundikana nje ukapanda juu ya sakafu. Tofali lililobanduka uso linaweza kutolewa taratibu na kugeuzwa, upande mzima ukatazama nje.

Viungo vikihitaji kujazwa upya, fundi atoe saruji kwa patasi na nyundo, asitumie mashine ya kukatia inayojeruhi kingo. Mtake aandae sampuli ya mita moja ya mraba mahali pasipoonekana sana, kwa chokaa na mchanga unaofanana na ule wa zamani, na asubiri ikauke ndipo mkubaliane rangi. Kazi ifanyike kati ya majira ya kuchipua na mwanzo wa vuli, viungo vilindwe kwa magunia mabichi dhidi ya jua kali na upepo, na barafu isivikute vikiwa bado vibichi.